Difu Tatu na Kona ya Kichuguu

Jumamosi, 8 Juni

Baba Naima amesema niwe naandika. Kila nikifungua difu niandike siku, mafuta niliyotia, na gari lilivyokwenda. Alipokuwa dereva wa lori, kampuni yao ilikuwa na kitabu cha namna hiyo, naye anaamini lori lile liliishi miaka ishirini kwa sababu ya kitabu. Mimi naamini liliishi kwa sababu halikupata nafasi ya kufa. Haya, nimeanza.

Gari lenyewe si la kupanda. Ni la rimoti, ukubwa wake kama mbuzi wa miezi sita, linakunywa petroli na linalia kama msumeno wa kukatia miti. Kuna mhandisi mgeni aliyekuwa akiendeshwa na Baba Naima kwenye ujenzi wa reli kule Gulwe. Siku ya kuondoka alimwachia. Madereva wenzake waliachiwa barua za shukrani, yeye akaachiwa difu tatu zilizokufa.

Kwa atakayelisoma daftari hili nisipokuwepo: difu ni kikopo chenye giya ndogo ndani, kinachoruhusu gurudumu la kulia na la kushoto yazunguke kwa kasi tofauti gari linapokata kona. Hili linazo tatu, ya mbele, ya kati na ya nyuma. Hakuna aliyenifundisha. Miaka ishirini na miwili nilitengeneza vyerehani pale sokoni Majengo, na ukishajua cherehani unajua kwamba kila chenye meno kinataka nafasi ya unywele mmoja. Zikiwa mbili kinalia, na bila nafasi kinavunjika.

Leo: difu ya nyuma. Grisi nyekundu ya beringi za lori, imejazwa mpaka juu. Wazo la Baba Naima.

Jumapili, 9 Juni

Grisi imeyeyuka na kumwagika yote kwenye tairi. Wazo limerudishwa kwa mwenyewe.

Jumamosi, 15 Juni

Msalato. Uwanja wa mashindano ni eneo la zamani la kufyatulia tofali, wenyewe wamepanga tairi kuukuu kuonyesha njia. Wachezaji ni saba, wanasimama juu ya jukwaa la mbao na rimoti zao kama maimamu saba wa msikiti mmoja. Baridi na upepo, vumbi mpaka kwenye meno.

Mwisho wa uwanja, upande wa kushoto, kuna kichuguu ambacho kila mtu aliona uvivu kukivunja, wakakigeuza kona. Baba Naima amekigonga mara tatu.

"Difu ya nyuma imelegea," akasema.

"Mzee, kilicholegea hapo ni dereva," akasema Ernest. Huyu ni kijana wa wizarani Mtumba, ana gari jipya la sandukuni na ulimi wa kukodisha.

"Mimi nimepanda mlima wa Kolo na tani kumi za mahindi wewe ukiwa bado unanyonya."

"Na mlima wenyewe uliugonga mara ngapi?"

Jukwaa zima likacheka, na mume wangu naye akacheka. Tulipofika nyumbani alinipa gari kabla hajavua viatu. "Mama Naima, fungua."

Difu ya nyuma: meno mazima. Nimeosha kwa petroli, nimeweka pete moja nyembamba niliyoikata kwenye kopo la soda ili giya zisogeleane.

Jumatatu, 17 Juni

Idi. Hatukufungua kitu ila sufuria.

Jumamosi, 22 Juni

Kichuguu mara nne.

Ernest kaja na chupa ndogo za mafuta ya silikoni, kaagiza nje. Kila chupa ina namba. Namba ndogo yanatiririka kama chai, namba kubwa yanavutika kama asali ya Kondoa. Difu yenye mafuta mepesi huachia magurudumu yajiamulie, yenye mazito huyashika pamoja. Kaniletea pia bahasha za kaki za kukatia gasketi, maana za gari za asili zimechakaa. Moja ilikuwa na mhuri wa SIRI. Ndiyo iliyotoa gasketi nzuri kuliko zote, kumbe siri inazuia mafuta.

Nyuma: elfu kumi. Kati: elfu thelathini. Mbele: elfu kumi.

Jumamosi, 29 Juni

Kichuguu mara tatu. Nyuma: elfu ishirini.

Jumamosi, 6 Julai

Mara tatu. Nyuma: nimerudisha elfu kumi, nimeongeza pete.

Jumanne, 9 Julai

Jirani yetu Raheli kaja kuazima kinu, akakaa kama aliyekuja kuazima kiti.

"Mama Naima, usinichukie. Mzee siku hizi ana maringo."

"Baba Naima? Maringo ayapate wapi?"

"Jana nimekaa pale kwangu na mama mkwe, kapita. 'Shikamoo mzee!' Kimya. Mama mkwe akasema huyo ndiye jirani uliyekuwa unamsifia?"

Nikamwambia labda alikuwa anawaza difu. Raheli akaniangalia kama mtu aliyeambiwa mume wa mwenzie ana mke wa pili na mke huyo anaitwa Difu.

Nilipomuuliza Baba Naima alisema hakumwona mtu yeyote. Nikaandika moyoni kwamba uzee umeanza na umeanzia kwenye adabu.

Jumamosi, 13 Julai

Mara tano. Na kila mara ni pale pale. Kona tano za kulia anazikata vizuri, hii ya kushoto inamla. "Difu inavuta upande mmoja," anasema. Difu haiwezi kuvuta upande mmoja, na dereva wa miaka thelathini analijua hilo. Lakini nimefungua zote tatu, na yeye kanishikia tochi. Kakaa saa mbili ananiangalia nikipanga giya za ndani, ndogo kama punje za mtama, akaniambia, "Hiyo ya pili umeigeuza." Kweli nilikuwa nimeigeuza. Aliiona kutoka kwenye kigoda chake.

Jumamosi, 20 Julai

Upepo. Hatukwenda.

Jumamosi, 3 Agosti

Kikopo cha difu ya nyuma kimepasuka, ni cha plastiki, kilishapigwa na kichuguu vya kutosha. Jana nilimpelekea Optatus, fundi wa mashine ya kukereza vyuma. Optatus haongei. Alikigeuza, akanusa, akasema "kesho." Leo kanipa kikopo cha aluminiamu alichokikereza kutoka injini mbovu ya pikipiki, na pete sita za chuma badala ya makopo yangu ya soda. Nilipofunga, giya zilizunguka bila sauti. Nilizungusha tena, nikazungusha tena, Baba Naima akauliza kama nina mpango wa kupika.

Sasa difu hii ni bora kuliko ilivyotoka kiwandani. Naandika bila unyenyekevu.

Jumamosi, 10 Agosti

Kichuguu mara nne, na difu bora.

Jumamosi, 17 Agosti

Leo niandike sana, maana nimefurahi.

Wiki nzima nimewaza. Kama gari linamkimbia kwenye kona, basi nilizuie lisiwe na haraka. Nikatia elfu sitini kwenye difu ya mbele. Mafuta mazito kiasi hicho yanayashika magurudumu ya mbele yote mawili, gari linakuwa zito kukata, linachukua kona kwa upana kama lori lenye tela. Wachezaji wengine wangeona ni ugonjwa. Kwake ikawa dawa. Gari lilizunguka mbali na kichuguu, polepole, lina muda wa kutosha, na yeye anageuza shingo nzima kulifuata. Hakugonga hata mara moja. Kamaliza wa tatu.

Ernest akashuka jukwaani. "Shikamoo fundi! Mama, umetia nini humo?"

"Dua."

"Nitilie na mimi."

Njiani kurudi Baba Naima aliimba. Akaniambia, "Mama Naima, ningekuwa nawe kwenye lori nisingestaafu." Nina miaka hamsini na sita, nimeona haya kama msichana.

Jumamosi, 24 Agosti

Kichuguu mara mbili. Anataka mafuta mazito zaidi. Mbele: elfu themanini.

Jumamosi, 31 Agosti

Baba Naima kaenda Kondoa msibani. Ernest akanishawishi nilete gari tulijaribu, naye akanipa rimoti. Sijawahi kuliendesha. Mimi nalijua kwa ndani tu, kama daktari asiyewahi kuongea na mgonjwa.

Kwanza nilirudisha mafuta mepesi ya mwanzo, elfu kumi mbele na nyuma, nilitaka nione ule ubovu wenyewe kwa mkono wangu. Nikaenda taratibu, kisha haraka, kisha haraka kuliko akili yangu inavyoruhusu. Raundi ishirini, kichuguu sikukigusa. Gari lilikata kona ya kushoto sawa na za kulia, laini, kama mkasi kwenye kitambaa kipya.

Ernest akasema, "Mama una kipaji!"

Sina kipaji. Mtu mwenye kipaji angeshangilia. Mimi nilisimama pale juu na rimoti, upepo unanipiga, nikawa nakumbuka Raheli na mama mkwe wake wamekaa kibarazani kwao. Ukitoka kwetu kwenda barabarani, kibaraza chao kipo kushoto.

Jumatatu, 2 Septemba

Karudi. Nikamwambia nimetia laki moja mbele. Sikutia kitu, ni elfu kumi ile ile.

Jumamosi, 7 Septemba

"Sasa ndiyo gari!" alisema raundi ya kwanza. Raundi ya pili akagonga. Raundi ya tatu akagonga. Hakusema difu. Aliniangalia mimi tu, nami nikaangalia difu.

Jumatano, 11 Septemba

Nafanya mambo ya aibu. Nimemwekea bakuli la mlenda kushoto, kakula ugali mkavu nusu yake ndipo akauliza mboga iko wapi. Nimesimama kushoto kwake nikanyoosha mkono na kikombe, chai ikapoa mkononi mwangu. Nikahamia mbele, "Mbona unanipa chai ya baridi?"

Punje ya mtama anaiona. Mke wake hamwoni.

Ijumaa, 13 Septemba

Nilisema. Nilichagua saa mbaya, alikuwa ametoka kuswali na alikuwa na furaha.

"Baba Naima, twende ukapimwe macho."

"Nani kakwambia macho yangu mabovu?"

"Gari."

"Gari ni bovu."

"Gari ni zima. Nimeliendesha mwenyewe."

Akavua kofia. Kisha akasema, taratibu, na bora angepiga kelele: "Miaka thelathini na moja sijamkwaruza hata kuku. Leo nimeshindwa na kichuguu, mke wangu anasema kipofu." Akachukua kofia yake, akatoka, bega la kushoto likagonga mwimo wa mlango. Akaupiga mwimo teke.

Jumanne, 17 Septemba

Bodaboda nusura imgonge karibu na msikiti. Anasema vijana wa siku hizi hawapigi honi. Mwuza nazi wa pale anasema honi ilipigwa mpaka yeye akaziba masikio.

Jumamosi, 21 Septemba

Mara sita. Nyuma: sijafungua. Nimeandika tu.

Jumatatu, 23 Septemba

Naima kapiga simu kutoka Kondoa anakofundisha, katumia sauti ile ya darasani. Baba yake kamjibu, "Ndiyo mwanangu, nitakwenda," kakata simu, kaenda kulisha kuku. Basi nikaona ukweli umeshindwa, nijaribu uongo. Nimemwambia macho yangu mimi yananisumbua, pete za Optatus sizioni vizuri, naogopa kwenda hospitali peke yangu. Alivaa viatu papo hapo. Kanionea huruma kweli kweli. Tunakwenda Alhamisi.

Alhamisi, 26 Septemba

Kliniki ya macho. Nilipimwa mimi kwanza, daktari akasema yangu yanahitaji miwani ya kusomea na basi. Nikamwambia, kwa sauti ya mke mpumbavu, "Daktari, na mzee naye umwangalie, maadam amepoteza siku." Baba Naima akacheka, akakaa kwenye kiti. Mashine ikampulizia hewa jichoni. Wakapuliza tena. Daktari hakucheka.

Wakamkalisha mbele ya bakuli kubwa jeupe, kila akiona nuru abonyeze kitufe. Mimi nilisimama nyuma. Nuru zilikuwa zinawaka upande wa kushoto, moja, nyingine, nyingine, na kidole chake kimetulia juu ya kitufe, kinasubiri. Mtu mwenye kidole cha haraka, dereva. Nilitaka nimbonyezee.

Ni presha ya macho. Daktari alieleza vizuri, kijana mpole, anamwita "babu" bila dharau. Inakula pembeni kwanza, inaacha katikati, ndiyo maana mtu anasoma na kutunga uzi kwenye sindano huku ukuta wa pembeni umeshaanguka. Jicho la kushoto limebaki kama kuchungulia kwenye tundu la ufunguo. La kulia limeanza. Kuna dawa ya matone, asubuhi na jioni, maisha yote. Dawa inalinda kilichopo.

"Na kilichokwenda?" nikauliza.

"Hakirudi, mama. Mlianza kuona tatizo lini?"

Baba Naima akajibu mwenyewe. "Juni. Tulidhani difu."

Daktari akauliza difu ni nini. Mume wangu akamweleza, kwa mikono, giya hii na giya hii, kona ya kulia na kona ya kushoto, kwa ufasaha kabisa. Daktari akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema miezi mitatu au minne si midogo kwa presha ya kiasi hiki, akageukia karatasi yake.

Watu wanapeleka wagonjwa hospitali hawajui hata waliugua lini. Mimi nilikuwa na historia nzima, siku kwa siku, kwa mwandiko safi. Historia ya ugonjwa wa gari. Na tarehe 17 Agosti nilitengeneza difu iliyomsaidia asijue. Nililipunguza gari mbio lilingane na jicho linalokufa, nikasifiwa, nikafurahi.

Njiani aliniuliza miwani yangu nitachagua ya rangi gani.

Ijumaa, 27 Septemba

Matone. Asubuhi, jioni.

Jumamosi, 28 Septemba

Matone. Hatukwenda Msalato. Joto limeanza.

Alhamisi, 3 Oktoba

Anataka kwenda mashindano ya kufunga msimu, tarehe 12. Daktari hakukataza rimoti, alikataza usukani. Nimempigia Ernest, nimemweleza kila kitu. Nilidhani natengeneza.

"Mama, pole sana. Actually nilikuwa naona kuna kitu. Usijali, tutamwangalia mzee."

Nikasema ahsante. Ile "tutamwangalia" ningeisikiliza mara mbili.

Jumamosi, 12 Oktoba

Upepo umekata, vumbi limesimama hewani, jua kama limesahauliwa juu. Magari saba. Mbele, kati na nyuma nilitia mafuta mepesi, sitaki tena kudanganya.

Aligonga raundi ya kwanza. Baada ya hapo mambo yakawa ya ajabu. Gari moja likaharibika. Jingine likapunguza mwendo kwenye mchanga ambao halijawahi kupunguza. Kila alipogonga kichuguu na kujinasua, wenzake walikuwa hawajafika mbali. Raundi ya mwisho walibaki wawili mbele, yeye na Ernest, Ernest akiwa kwanza. Walipoukaribia mstari wa kumalizia, Baba Naima akampita. Watu wakapiga makofi. Wakapiga mno.

Mume wangu hakuinua mkono. Akazima gari, akaweka rimoti juu ya mbao kwa utaratibu, kama anayeweka yai.

"Ernest."

"Mzee! Hongera, leo umetunyoa!"

"Uliachia mafuta ili nipite."

"Hapana, mzee, injini ilikosa nguvu..."

"Injini ikikosa nguvu inakohoa. Yako haikukohoa. Uliachia, nimesikia. Na huyu wa hapa naye aliachia, kule kwenye mchanga." Akageuka, akatafuta na shingo mpaka akanipata. "Nani kawaambia?"

Jukwaa zima lilikuwa linaangalia viatu. Ernest alikuwa na machozi, kijana wa watu, ulimi wake wote umeisha.

"Mimi," nikasema.

"Nilikuwa nashindwa," akasema Baba Naima. "Lakini nilikuwa nashindana."

Tulirudi nyumbani na gari limekaa katikati yetu.

Jumapili, 13 Oktoba

Hasemi.

Jumatatu, 14 Oktoba

Hasemi. Matone anatia mwenyewe. Mkono unalenga, tone linaangukia shavuni. Anatia la pili, shavuni. Chupa itakwisha kabla ya mwezi. Nimesimama mlangoni, sithubutu kuingia.

Jumatano, 16 Oktoba

Ernest kaja na chupa mpya za mafuta na soda. Baba Naima kamkaribisha, kamjibu salamu, kamwulizia wazazi. Hawakuongea gari. Kijana kaondoka amejikunja.

Ijumaa, 18 Oktoba

Nimemwomba msamaha. Akasema, "Kwa lipi?" Sikujua nianzie Oktoba au nianzie Agosti. Naye akaenda kulisha kuku.

Jumanne, 22 Oktoba

Matone yamefika jichoni, nimeona. Kwa bahati.

Jumamosi, 26 Oktoba

Asubuhi mawingu, yamekuja yameondoka bila kuacha kitu. Nilikuwa uani nachambua mchele. Nikasikia kiti kinaburutwa. Baba Naima kaja na gari mikononi, kalitua juu ya meza yangu, kisha akakaa upande wangu wa kushoto, ili mimi niwe kulia kwake. Siku kumi na nne hajakaa karibu hivyo. Akanipa ile chupa ya matone, akalaza kichwa nyuma. Nikatia moja, nikatia jingine. Akafumba macho.

"Mama Naima. Difu ya nyuma inalia."

Gari halijawashwa tangu tarehe 12. Nililifunga mwenyewe na halina kosa.

"Inalia vipi?"

"Inalia tu. Fungua."

Nikachukua spana. Nikafungua bolti nne, nikatoa kikopo cha Optatus, nikamwaga mafuta kwenye kisahani. Yalikuwa safi, unaweza kujiona.

"Ikoje ndani?"

"Safi. Meno yote yapo."

"Angalia vizuri."

"Nimeangalia, Baba Naima."

Macho yake bado yamefumbwa, dawa inamtiririka kuelekea sikioni. Nikamfuta kwa ncha ya kanga.

"Basi fungua ya mbele," akasema.

Nikafungua ya mbele.